Nimeshinda siku nzima kwenye tamasha la vitabu Dar: lipieni warsha, jukwaa kubwa achaneni nalo

Jumamosi ya wiki iliyopita nilienda tamasha la vitabu hapa mjini, jina naliweka kapuni maana kuna mambo nitayasema na sitaki ugomvi na mtu, aliyekuwepo atajua tu. Tiketi ya siku elfu kumi na tano, halafu kila warsha unalipia pembeni elfu ishirini, ukijumlisha nauli na msosi andaa kama elfu hamsini, na kwa mshahara wangu hiyo siyo hela ya kwenda kupiga picha kwenye bango.

Ratiba ilisema saa tatu kamili asubuhi. Mimi na ujinga wangu nikaamini, nimetoka Kimara saa moja na nusu nimesimama kwenye mwendokasi mpaka Posta, mbio mbio nafika saa tatu kasoro kumi nakuta vijana wa mapokezi ndo kwanza wanatandika meza. Tukapanga foleni juani dakika arobaini. Zamu yangu inafika, jina halipo. Mesiji ya malipo ninayo, nawaonyesha, dada anasema "nenda kule", naenda kule, kule nako wananirudisha pale. Mwishowe akaja kaka mmoja mstaarabu akaniandikia jina kwa makapeni kwenye kikaratasi nikabandika kifuani, basi siku nzima nimezunguka kama mzigo unaosubiri basi la Singida.

Ufunguzi umeanza saa nne na robo sababu mgeni rasmi alichelewa, sitaki kuliongelea sana. Ila mazungumzo ya kwanza ya jukwaa kubwa lazima niyaseme. Mada ilikuwa mustakabali wa fasihi ya Kiswahili, wazungumzaji wanne na mwongozaji wa tano, wote Wabongo, ukumbini sisi Wabongo watupu ukitoa wageni wachache, na saa nzima yameendeshwa kwa Kiingereza! Yaani Kiswahili kinajadiliwa kama mgonjwa aliyelazwa, yeye kalala pale ndugu wanamteta kwa lugha asiyoisikia. Na ile AC waliyowasha utasema tupo Makete, mama mmoja jirani yangu alijifunika kanga gubigubi. Kwenye maswali akapewa maiki mzee wangu mmoja akaongea dakika saba nzima, swali halikuonekana, akakaa, akapigiwa makofi. Jukwaa kubwa naipa nne kwa kumi, na hizo nne ni za viti, viti vilikuwa vizuri.

Sasa saa sita mchana, muda ambao kila mtu ana njaa, ndo wakakiweka kipindi cha tafsiri, kwenye kichumba cha nyuma chenye viti kama thelathini na feni moja. Tulijaa mpaka mlangoni, wengine wamekaa sakafuni wengine wamening'inia dirishani, na hapo ndo nikaona waandaaji hawajui watu wao wanataka nini. Kilikuwa cha Kiswahili mwanzo mwisho. Wameanzia kwa Mwalimu Nyerere alivyotafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja ikatoka 1963 nyingine 1969, nchi anaiongoza na tafsiri anafanya, halafu mimi kuandika kurasa mbili kwa wiki nalalamika nimechoka. Kisha wakaja kwa mwandishi Abdulrazak Gurnah, mtu kazaliwa Unguja 1948, kapata Nobel ya fasihi 2021, ila riwaya yake ya kwanza kutafsiriwa Kiswahili, Peponi, ya mwaka 1994 kwa Kiingereza, imetufikia 2022, kaitafsiri Ida Hadjivayanis na wamechapa Mkuki na Nyota.

Hapo likazuka neno moja tu likatuchukua nusu saa. Yule mtoto kwenye riwaya anamwita tajiri "uncle", kumbe siyo ndugu yake hata chembe, kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Kiingereza kinakuruhusu kupita hapo bila kuulizwa, Kiswahili hakikuachii, utaandika mjomba au ami? Mjomba ni upande wa mama, ami upande wa baba, na deni ni la baba. Aisee chumba kiligawanyika! Mama mmoja wa Kizimkazi kwa lafudhi yake anasema mjomba hamuweki mtoto wa dada yake rehani, kijana wa nyuma anamjibu bibi wewe hujawajua wajomba zangu, watu hoi. Mtafsiri alichagua lipi siwaambii, kanunueni. Hicho kipindi kingewekwa ukumbi mkubwa wenye AC kingejaa vilevile, na lile jopo la Kiingereza wangepewa feni.

Msosi, jamani. Maji ya chupa ndogo buku mbili, sambusa mbili na juisi elfu nane. Vuka barabara, kuna mama ntilie anakupa wali maharage na kipande cha samaki elfu tatu, maji mia tano, na nimewakuta hukohuko wazungumzaji wawili wanakula, tukapiga stori kuliko jukwaani. Vitabu navyo vilikuwepo vingi ila beba keshi, malipo ya simu yalikuwa yanagoma kila dakika tano na chenji hawana.

Basi saa nane nikaingia warsha ya ushairi, na hapa ndo nimesamehe karibu kila kitu. Tulikuwa kumi na sita tumezunguka meza moja. Mwalimu ni mzee wa Tanga, kanzu, kofia, hana kompyuta wala projekta, ana bahasha ya kaki tu. Shikamoo mwalimu, marahaba wanangu, kaeni, nani anajua mizani? Kimya. Akaanza kugonga meza kwa kidole, kila silabi pigo moja, nane zikiisha anapumzika, nane nyingine, mshororo umetimia. Minne hiyo ubeti, ndo tarbia. Shuleni tulikariri hayo tukajibia mtihani tukayatupa, nilikuwa sijawahi kuyasikia mkononi.

Kila mtu akaambiwa aandike jambo lililomkuta leo. Mimi nikaandika "Nilipofika mlangoni, nikakuta watu tele", nikasoma kwa madaha. Mzee akagonga, akasimama. "Rudia mwanangu." Nikarudia. "Kipande cha kwanza tisa." Nikabisha, nimehesabu nane! Akagonga polepole: ni, li, po, fi, ka, m, la, ngo, ni. Ile m niliimeza. Akasema m ya mlango ina mguu wake, usiibebe mgongoni kwa la. Nikaitoa "po", ikawa "Nilifika mlangoni", nane, na ghafla mshororo ukaanza kutembea wenyewe.

Kijana mmoja akauliza, na mashairi huru je, yale yasiyofuata vina na mizani? Mzee hakukasirika kama nilivyodhani. Alisema Kichomi, kitabu cha mashairi huru cha Kezilahabi, anacho kabatini tangu kilipotoka 1974, anakisoma, ila hawezi kukiimba, halafu akatughania beti tatu za kwake, na vijana wa jenereta kule nje wakaja kuchungulia. Kwenye ile bahasha alikuwa na fotokopi za kile kitabu cha sheria za kutunga mashairi cha Kaluta Amri Abedi cha 1954, huyuhuyu aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar, fikiria meya wa jiji mtaalamu wa vina. Nimekitafuta kwenye meza zote za vitabu, hakuna.

Tulipangiwa masaa matatu ila saa kumi na nusu dada wa ratiba akaja kusema chumba kinahitajika, mzee hata hajamaliza watu wanne. Hilo liliniudhi, tumelipia. Ubeti wangu aliuwahi, na kwenye mchele alicheka mpaka kofia ikateleza:

Nilifika mlangoni, nikakuta watu tele,
Simo mimi orodhani, wakaniambia "kule",
Nikasimama juani, kama mwizi wa mchele,
Hela wametia ndani, nimebaki palepale.

Warsha tisa kwa kumi, ile moja ni ya nusu saa yetu. Mwakani wakimrudisha yule mzee nalipia warsha peke yake, nafika mchana nikiwa nimeshakula kwa mama ntilie. Cheti cha kushiriki walisema kitatumwa kwa imeili ndani ya siku mbili, leo ya nane.