TAHADHARI: "Maji ya mti" yanayouzwa WhatsApp ni kemikali ya kuyeyushia, si dawa

Ndugu zangu, naomba msome hii yote, na mwenye mzazi au shangazi aliye kwenye makundi ya WhatsApp amsomee kwa sauti, kwa sababu wanaowindwa ni wao. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya vikoba, ya wastaafu na ya jumuiya za ibada akiuza kichupa cha maji yasiyo na rangi. Anayaita "maji ya mti". Kwa maneno yake yanatibu goti, mgongo, kisukari, presha, mtoto wa jicho, uvimbe wa kizazi na saratani. Chini ya stika yake ya kijani kuna lebo nyingine ya zamani, na ukiibandua stika taratibu utaikuta imeandikwa DMSO 99.9%. Hiyo ni dimethili salfoksidi, kemikali inayotumika kuyeyushia vitu viwandani na maabara.

Shangazi yangu wa Njombe aliinunua. Ni mjane, ana kisukari cha miaka mingi, na goti la kulia linamtesa hasa kipindi cha baridi. Alitumiwa ushuhuda wa sauti wa mama mmoja aliyedai alikuwa anatambaa na sasa anapanda mlima. Akatuma shilingi 85,000 kwa namba ya mtu binafsi, parseli ikaja na basi. Maelekezo nayo yakaja kwa sauti, hakuna karatasi: apake gotini mara tatu kwa siku, na asubuhi kabla ya chai anywe matone kumi kwenye glasi ya maji. Tena apumzishe vidonge vya kisukari "ili dawa zisigombane".

Ngozi ikaanza kuwaka moto, ikawa nyekundu, ikawasha, ikatoa malengelenge. Pumzi yake ikanuka kitunguu swaumu mpaka wajukuu wakamuuliza bibi amekula nini. Alimuuliza muuzaji, na jibu nimelisikia mwenyewe kwenye simu yake: "Mama yangu, hiyo ni sumu inatoka mwilini. Usiache, ongeza matone." Akaongeza. Tulipomfikisha hospitali sukari ilikuwa imepanda vibaya, midomo imekauka, anaongea kwa shida, na malengelenge ya gotini yamegeuka kidonda. Sasa yuko nyumbani, amerudi kwenye vidonge vyake, na kidonda bado kinasafishwa kituo cha afya. Kwa mwenye kisukari kidonda cha mguu si jambo la kulala nalo usingizi.

Hilo la "sumu inatoka" nataka nilieleze vizuri, maana ndilo lililowashika watu wengi. Ile harufu ni ya kemikali yenyewe. DMSO ikishaingia mwilini, sehemu yake hugeuzwa kuwa gesi yenye salfa iitwayo dimethili salfaidi, na gesi hiyo hutoka kwa pumzi na kwa ngozi. Wengine huisikia kama kitunguu swaumu, wengine kama chaza. Unaweza kupaka mguuni tu, hujanywa hata tone, na baada ya muda mfupi ladha yake ikakujia mdomoni. Kijana mzima asiye na ugonjwa wowote akipaka atanuka vilevile. Kuwasha na wekundu navyo vina sababu inayojulikana: kemikali hii huifanya ngozi itoe histamini, kitu cha mwilini kinacholeta mwasho, na ikiwa kali kiasi kile hukausha ngozi na kuiunguza. Hakuna sumu ya zamani iliyokuwa ikitoka kwa shangazi. Kilichokuwa kinanuka ni kile alichojipaka na kukinywa.

Huo ndio ufundi wa mtu huyu, na naomba muuelewe kwa sababu kesho atakuja na kichupa kingine. Kila onyo la mwili ameshaliandalia jibu: ikiunguza, inafanya kazi, ukinuka, unasafishika, kichwa kikiuma au ukisikia kichefuchefu, ugonjwa unapigana kabla ya kutoka. Mgonjwa hana dalili hata moja itakayomwambia aache.

Majaribio anayoyaonyesha kwenye video zake ni ya namna hiyohiyo. Anatia maji kidogo kwenye kijiko cha "dawa", anamshikisha mtu, kijiko kimepata joto. Anasema hiyo ni nguvu ya mti. DMSO yoyote ikichanganywa na maji hutoa joto, na ndiyo sababu hata ukiipaka kwenye ngozi yenye unyevu unasikia moto. Halafu kuna jaribio la friji: "ikiganda ni orijino". DMSO isiyochanganywa na maji huganda kwenye nyuzi joto 18.5, kwa hiyo hata friji haihitajiki. Kule Njombe mwezi wa sita kichupa cha shangazi kilikuwa kinaganda chenyewe juu ya kabati, naye akafurahi kwamba amepata ya kweli. Kuganda kunaonyesha tu kwamba haijaongezwa maji mengi. Hakuonyeshi kama imesafishwa kwa matumizi ya binadamu au imechotwa kwenye dumu la kiwandani, wala kuna uchafu gani ndani yake.

Na kwa kemikali hii uchafu ni jambo zito kuliko kwa nyingine nyingi. DMSO hupenya ngozi kwa haraka, na huweza kuvipitisha vitu vingine vilivyopo juu ya ngozi au ndani ya chupa ambavyo peke yake ngozi ingevizuia. Shangazi analima viazi na anapulizia dawa ya ukungu. Mikono aliyotoka nayo shambani ndiyo aliyojipakia. Hakuna aliyemwambia. Kwenye kundi nimeona wengine wakielekezwa wasage vidonge vya maumivu na kuchanganya humo kabla ya kupaka, na mama mmoja akiambiwa aipake kichwani juu ya dawa ya nywele ili nywele zikue. Tena kuna plastiki na mipira inayolainika au kuyeyuka ikikutana na DMSO. Kile kimpira cha kudondoshea kwenye kichupa cha shangazi kilikuwa kimelainika na kunata vidoleni. Sehemu ya kimpira hicho ilikuwa imo ndani ya matone aliyokunywa.

Mtu atauliza, kama ni mbaya hivyo mbona kuna daktari wa Marekani anayeisifu kwenye video? Hapa muuzaji anatumia ukweli nusu, na ukweli wenyewe ni huu. Kemikali hii ilitengenezwa mara ya kwanza na mkemia wa Urusi, Alexander Saytzeff, mwaka 1866. Kuitwa "ya mti" kunatokana na kwamba viwanda vya karatasi viliipata kutoka kwenye mabaki ya kupikia mbao, si kwamba kuna mti unakamuliwa. Miaka ya 1960 daktari mpasuaji Stanley Jacob wa Oregon alitangaza uwezo wake wa kupenya ngozi na kupunguza maumivu, na utafiti ukaanza kwa kasi. Novemba 1965 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisimamisha majaribio kwa watu kwa sababu wanyama wa maabara walioipewa walionekana kubadilika lenzi za macho. Baadaye mabadiliko hayo hayakuthibitika kwa binadamu kama yalivyokuwa kwa wanyama, nami naliandika hilo kwa haki. Lakini fikirieni: kemikali iliyosimamishwa kwa ajili ya macho, mtu huyu anawaambia wazee waidondoshee machoni ili kuondoa mtoto wa jicho.

Mwaka 1978 Marekani iliidhinisha DMSO ya asilimia 50 kwa ugonjwa mmoja, maumivu sugu ya kibofu cha mkojo, na inaingizwa kibofuni kwa mpira na mtaalamu. Mwaka 2009 ikaidhinishwa dawa ya maji ya kupaka gotini yenye diklofenaki, dawa ya maumivu, ambayo ndani yake DMSO ni chini kidogo ya nusu. Hizo ni dawa zilizopimwa, zina kipimo, zina karatasi ya maelezo, daktari anajua una magonjwa gani mengine. Zinafananaje na asilimia 99.9 kutoka kwenye kichupa kisicho na namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda?

Kwa saratani ndipo hasira yangu inapozidi. Hospitali zinazopandikiza uboho hutumia DMSO kuzilinda chembe hai zisiharibike zinapogandishwa, kwa hiyo jina lake linatajwa kweli kwenye tiba ya saratani. Muuzaji amelichukua hilo na kulisema kana kwamba DMSO ndiyo inayoua uvimbe. Hakuna ushahidi kwamba kuinywa au kuipaka kunaponya saratani. Mwanamke mwenye uvimbe kwenye titi akikaa nyumbani akipaka kemikali, uvimbe unaendelea kukua, na siku atakapofika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, atakuwa amechelewa kwa jambo ambalo lingeshughulikiwa mapema. Kwenye lile kundi kuna mtu aliyeandika kwamba mama yake ameacha kwenda kliniki. Nilimwandikia palepale amrudishe. Dakika chache baadaye admini akanitoa kwenye kundi.

Huyu muuzaji hana duka. Ana namba, na namba zinabadilika. Ukidai pesa yako anakublok na kuendelea na laini nyingine. Ukimuomba usajili anakutumia picha ya cheti, na niliposoma kile cha shangazi kilikuwa cha usajili wa jina la biashara kutoka BRELA. BRELA hawapimi dawa. Kwa Tanzania dawa zinasajiliwa na TMDA, waganga na bidhaa za tiba asili zipo chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kemikali za viwandani zinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Cheti cha jina la biashara kinaweza kupewa mtu anayeuza vitumbua.

Sasa ameongeza vitu vingine. Anawaambia watu wanywe tapentaini ya mafundi rangi kwa sukari ili kuua minyoo na "fangasi wa tumboni". Tapentaini ikinywewa inaweza kuingia kwenye mapafu, kuharibu figo na kumfanya mtu apoteze fahamu, na kwa mtoto kiasi kidogo tu kinaweza kuua. Vilevile anauza matone ya kuchanganya na asidi, ambayo kwa maelezo yake mwenyewe ni yale yaliyokuwa yanaitwa MMS, yaani dawa ya kung'arishia nguo na kusafishia. Hayo tunayajua huku kwetu: mwaka 2019 gazeti la Guardian la Uingereza lilifichua mchungaji wa Kimarekani aliyekuwa na mtandao wa kuyagawa Uganda kama tiba ya malaria na UKIMWI. Na mwaka 2023 mahakama ya Miami iliwatia hatiani baba na wanawe watatu waliokuwa wakiyauza kutoka Florida kwa jina la kanisa.

Kama kichupa kipo nyumbani, acheni kukitumia leo. Aliyejipaka aoshe kwa maji mengi na sabuni. Iliyoingia jichoni isafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa kisha aende hospitali. Aliyekunywa tapentaini au mafuta ya taa asitapishwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa, kwa sababu akitapika inaingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali na chupa mkononi. Aliyeacha vidonge vya kisukari, presha au dawa za kupunguza damu kuganda akamwone daktari aliyempa, na amtajie DMSO kwa jina bila kuogopa kugombezwa. Wauguzi waliompokea shangazi hawakumgombeza. Walitaka kujua tu alikunywa nini na kiasi gani.

Msikitupe kichupa. Kifungeni vizuri, kiwekeni mbali na watoto, hifadhini ujumbe wa malipo, risiti ya basi na zile sauti zake, mpeleke ofisi ya TMDA ya kanda yenu au kwa mfamasia wa wilaya. Sisi tumeshapeleka vya kwetu, lakini malalamiko ya mtu mmoja dhidi ya mtu anayebadilisha laini hayafiki mbali, kwa hiyo waliouziwa pelekeni na ya kwenu. Walioko Kenya, ambako ameanza kutangaza bei kwa shilingi ya huko, pelekeni kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Na maadmini wa makundi, mkiona kichupa chenye stika ya kijani na picha ya mti, au sauti inayoanza na "mama yangu, sumu inatoka", mfuteni huyo mtu kabla hajaanza kuwafuata wazee inbox.