Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, pale mjini Freiburg, kama unafuatilia divisheni za Wajerumani nenda tu

Jamani kwa anayependa historia ya askari wa miguu wa Ujerumani vita vya pili, hii idara ya kijeshi ya Bundesarchiv ndo penyewe. Omba fungu la RH 26, hapo ndo kuna makaratasi ya divisheni zenyewe, shajara za vita za ofisi za makao makuu ya divisheni, Ia ambao ni operesheni, halafu Ib mambo ya chakula na risasi, Ic habari za adui, yani unaisoma divisheni siku hadi siku mpaka unachoka macho.

Kilichonigusa zaidi ni farasi. Watu wanadhani jeshi lile lilikua vifaru tupu, kumbe divisheni ya wimbi la kwanza, yani zile zilizoundwa mwanzo kabisa, mwaka 1939 ilikua na watu kama 17,000 na zaidi, rejimenti tatu kila moja batalioni tatu, na farasi karibu 5,000 wa kuvuta mizinga na mikokoteni! Ukifika 1944 ile ile divisheni kwenye karatasi imebaki na watu kama 12,500, batalioni zimeshuka toka tisa hadi sita, wakaziba kwa bunduki za rashasha nyingi, inauma kusoma vile watu walivyoisha.

Mapengo yapo, hifadhi ya jeshi kule Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945. Maandishi mengine ya mkono ni magumu kweli, jifunze kwanza ule mwandiko wa zamani wa Kijerumani. Jisajili na uweke nafasi mapema. Nyota tano.