Vikokotoo vya gharama za vyuo vya Marekani: nimevijaribu kwa ajili ya mpwa wangu

Nianze na hukumu, maana wengi wetu tunasoma juu juu tukiwa ndani ya daladala. Vikokotoo vya gharama vilivyomo kwenye tovuti za vyuo vya Marekani ni bure, vina manufaa, na havikutengenezwa kwa familia kama yetu. Kwa mtoto anayebaki chuo cha serikali cha jimbo lake, ningevipa nyota nne kati ya tano. Kwa anayetaka chuo cha serikali cha jimbo la wenzake, na wazazi wake si maskini wala si matajiri, nyota mbili na nusu. Hiyo nusu ni huruma yangu tu.

Mie kazi yangu ni uhasibu, natunza hesabu za hoteli huko Paje. Dada yangu anaishi Toledo, Ohio. Yeye anafanya kazi hospitali na mumewe anaendesha trela. Kwa pamoja wanaingiza kama dola 118,000 kwa mwaka. Ukizisikia ukiwa Mpendae unasema hawa wameshatajirika. Wenyewe wakishakatwa kodi, bima na rehani ya nyumba, wanahesabu mpaka senti. Kijana wao mkubwa amezaliwa huko na ni raia, na vyuo vyote anavyovitaka viko nje ya Ohio. Dada akanambia, "Kaka, wewe si ndiye mtu wa hesabu? Hebu tutizamie." Basi ikawa baada ya Isha, kwao bado mchana, tuko kwenye WhatsApp: yeye na karatasi zake za kodi, mie na kompyuta.

Vikokotoo hivi vimekuja kwa sheria ya 2008, na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu za wanafunzi vikapewa hadi Oktoba 2011 viwe navyo. Kwenye tovuti ya chuo tafuteni maneno Net Price Calculator. Unajaza mapato, idadi ya watu nyumbani na akiba, na kwengine unaulizwa alama za mtoto. Mashine inajumlisha ada, malazi, chakula, vitabu na nauli, inapunguza humo ruzuku ambazo hazirudishwi, inakupa kinachobaki. Hapana sheha wa kukuandikia barua kuwa huna uwezo. Taarifa za kodi ndiyo sheha.

Kizuri chake ni kile kitufe cha ukaazi. Fomu ni ile ile, mapato ni yale yale, ukibadilisha jibu moja tu, kutoka "mkaazi wa jimbo" kwenda "si mkaazi", namba ya mwisho inaruka juu, maana chuo cha serikali ya jimbo kinamtoza zaidi mtoto wa nje. Mpwa wangu alikuwa haamini mpaka alipobonyeza mwenyewe. Alikuwa anataka Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoko Ann Arbor, na kutoka kwao Toledo hadi huko ni kama mwendo wa Mjini hadi Makunduchi. Michigan wana ahadi yao, tangu 2025, kuwa familia yenye mapato yasiyozidi dola 125,000 na mali chini ya 125,000 mtoto wao halipi ada. Dada na shemeji wangeingia humo bila ya wasiwasi, ila wako upande wa pili wa mpaka. Ahadi ni ya wakaazi wa Michigan. Mtoto wa nje bili yake yote inapita dola 75,000 kwa mwaka, na chuo hakijaahidi kumtimizia upungufu wake, yaani pengo kati ya bili na kile wanachodhaniwa wazazi wanaweza kulipa. Msidhani pia kwamba kijana atakwenda kupanga chumba kule awe mkaazi. Kwa anayetegemea wazazi, kinachotizamwa kwa kawaida ni wazazi wanakaa wapi.

Sasa kasoro, na hapa ndipo nilipokaa sana.

Dada ana kiwanja Fuoni. Nyumba imefika lenta, haijapauliwa, na ndani kumeota mpapai. Fomu ikauliza mali nyengine zisizokuwa nyumba mnayoishi. Fafsa, yaani fomu kuu ya serikali ya kuombea msaada, nyumba mnayoishi haiihesabu, na akiba ya uzeeni haiihesabu. Nyumba ya pili, popote ilipo duniani, inaihesabu. Kwa kiwango cha juu cha mali za wazazi, asilimia 5.64, kuta za dola 30,000 zinaongeza kama dola 1,700 kwenye kile wanachodhaniwa wanaweza kulipa. Na ni kila mwaka. Kuta ambazo hata popo hawajazikubali!

Halafu mama yetu. Yuko Wete, na dawa zake za presha, umeme, mtu wa kumpikia, vyote vinatoka Toledo. Tukatafuta pa kumuandika, hapana. Idadi ya familia inafuata karatasi za kodi, na sheria ya kodi ya Marekani haimkubali kuwa tegemezi mzazi asiye raia wao, ila awe mkaazi wa Marekani, Canada au Mexico. Kwa hiyo kuta za Fuoni wanaziona, mama wa Wete hawamuoni. Wanapofika kuandikiana na ofisi ya misaada ya chuo, dada aambatanishe risiti za kutuma pesa na maelezo mafupi. Ofisi hizo zina mamlaka ya kutizama hali ya familia moja moja, ingawa halazimishwi mtu.

Chuo kimoja, jina nalihifadhi, kilituchekesha. Chini kabisa kikaandika sifuri kubwa ya kijani: mnachobakiwa kulipa, sifuri. Dada akapiga kigelegele kwenye simu. Nikamwambia subiri. Kupanda juu, kumbe wamepunguza kwenye bili mkopo wa mtoto, dola 5,500 za mwaka wa kwanza, kisha kilichobaki chote wakakiita mkopo wa wazazi. Mkopo kuuhesabu kama msaada, mie kwenye vitabu vyangu ningefukuzwa kazi. Na mkopo huo wa wazazi, Parent PLUS, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026 una ukomo: dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto. Kwa bili ya nje ya jimbo hautoshi.

Jengine la kuangalia ni vikokotoo vya zamani. Tangu mwaka wa masomo 2024/25 fafsa haigawi tena uwezo wa wazazi kwa idadi ya watoto walioko chuoni. Ukikuta kikokotoo kinakupunguzia kwa sababu una wawili, huenda hicho hakijafanyiwa marekebisho, waulizeni chuo kabla ya kukiamini.

Palipo na matumaini kwa watu wa kati ni pahala pawili tu. Kwanza vyuo vichache vya serikali vinavyotimiza upungufu wote wa mwanafunzi hata akitoka nje ya jimbo. Virginia na North Carolina ya Chapel Hill ni miongoni mwao. Kwa Virginia namba yetu ilishuka mno, ingawa ilibaki juu ya ya Ohio. Lakini kuingia humo ni kazi, na wanataka fomu ya pili, CSS Profile, inayochimba kuliko fafsa. Pili ni vyuo vinavyotoa punguzo kwa alama tu, bila ya kuuliza mshahara wa baba. Alabama wanaweka jadwali lao wazi: alama za skuli na za mtihani wa ACT au SAT, na mbele yake fedha. Huko kikokotoo hata hukihitaji sana.

Walioko hapa na pasi ya Tanzania wasijidanganye na namba hizi. Fafsa ni ya raia na wakaazi wa kudumu na wachache wengine, na vikokotoo vingi vinamchukulia kila mtu kuwa ni mmoja wao. Kujaza fafsa ni bure pia, kwa hiyo asitokee mtu akawatoza.

Michigan kijana ameitoa mwenyewe kwenye orodha, Virginia na Alabama zimebaki. Fomu zinafunguliwa mwezi wa kumi. Kuhusu Fuoni, dada nimemwambia atafute mthamini aandike bei ya kuta zilivyo leo, sio ya nyumba anayoiota.