Seti ya Umwagiliaji wa Matone: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja Bustanini

Katika mwaka ambao bustani yangu ya mboga imefanyiwa maboresho mengi, seti ya umwagiliaji wa matone inayotumia pipa lililoinuliwa, bila pampu wala umeme, ndiyo iliyobadilisha mavuno waziwazi zaidi. Ni haki kusema kwamba iliukuta udongo umekwisha kutayarishwa kwa mboji, kwa kuwa mboji huusaidia udongo kuyashika maji vizuri zaidi.

Ndani ya seti mna bomba kuu, mipira yenye matundu kila baada ya sentimeta 30, chujio, koki na viunganishi, na kuifunga hakuhitaji fundi. Jambo la kuzingatia ni presha. Pipa likiinuliwa meta moja, maji hupata takriban kilopaskali 10 tu, ambazo zinatosha kwa mipira mifupi iliyolazwa kwa kufuata usawa wa ardhi, lakini mpira mrefu au unaopanda mteremko utayanyima maji mashina ya mwisho. Kwa sababu hiyo hiyo, mipira yenye vidhibiti vya presha, iliyobuniwa kwa ajili ya pampu, haifai kabisa kwa pipa.

Nyanya ndizo zilizofaidika kuliko mimea yote. Kuoza kitako, ambako wengi hudhani ni ugonjwa wa kuambukiza, hutokea pale tunda linapokosa kalsiamu ya kutosha, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imo udongoni ila haifiki kwenye tunda kwa kuwa udongo hukauka mno kisha hurowa ghafla. Matone yanayotoka polepole hudumisha unyevu ule ule mizizini, na tangu nyanya zianze kumwagiliwa hivyo matunda yenye kitako cheusi yamekuwa machache sana. Isitoshe, majani hayarowi wakati wa kumwagilia, nao ugonjwa wa bakajani, unaoweka mabaka kwenye majani, hushamiri kwenye majani yanayokaa na maji. Nilipotandaza nyasi kavu juu ya mipira, faida iliongezeka: jua halikukausha tena uso wa tuta upesi, na magugu katikati ya mistari, yakikosa maji na mwanga, yalipungua mno.

Kwa mbegu ndogo zinazosiwa moja kwa moja tutani, kama karoti, seti hii haitoshelezi. Mbegu hizo hutaka uso wote wa tuta uwe na unyevu hadi zichipue, ilhali matone huacha sehemu kavu kati ya tundu na tundu, kwa hiyo keni ya kumwagilia bado ina kazi yake.

Lawama yangu kubwa ni chujio, ambalo ni dogo mno na huziba haraka. Atakayenunua seti ya aina hii ajiandae kulisafisha mara kwa mara, kufungua ncha za mipira ili uchafu usukumwe nje, na kutumia pipa jeusi lenye kifuniko, maana mwanga ukiingia majini mwani huota na kuziba matundu. Mbolea ya majimaji isipitishwe humo hata ikiwa imechujwa kwa kitambaa. Imwagwe kwa mkono kwenye shina.

Maelekezo ya mtengenezaji hayasemi lolote kuhusu aina ya udongo, na huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu katika kichanga maji hushuka wima bila kutanuka, hali katika mfinyanzi husambaa pembeni. Kabla ya kukata mipira, mnunuzi afungulie maji kwa muda, kisha achimbe kidogo kando ya tundu aone unyevu umefika wapi. Ukiwa umeshuka kwa umbo jembamba, achague mipira yenye matundu yaliyokaribiana zaidi.