Grafti ya mfupa kabla ya implanti, uzoefu wangu (na ulizeni huo mfupa unatoka wapi)

Nyota 4 kati ya 5. Kazi ya mikono nawapa zote, ile moja nimeitoa kwenye maelezo, nitafika huko.

Jino langu ni la mbele juu, lilitoka kwenye ajali ya bodaboda miaka mingi nyuma nikawa navaa lile la kuchomeka na kuchomoa. Nikaamua kuweka implanti, yaani skrubu inayofungwa kwenye mfupa wa taya kubeba jino bandia. Kliniki niliyoenda ni ya hapahapa Dar, jina siweki. Daktari akanipiga picha ya 3D akanionyesha kwenye kompyuta, mfupa pale umebaki upana wa milimita 3 hivi, na skrubu yenyewe ya implanti inakaribia milimita 4 na bado inataka mfupa uizunguke pande zote, yaani haina pa kukaa mpaka mfupa ujaziwe kwanza, ndo hiyo grafti. Kumbe jino likishatoka mfupa uliokuwa unalishika unaanza kuisha taratibu, na miezi ile ya mwanzo ndo unaisha kwa kasi, hasa upande wa nje unaogusa mdomo. Hilo jino la kuvaa halizuii chochote.

Sasa mfupa wa kujazia unatoka wapi? Kuna wa kwako mwenyewe, kuna wa binadamu aliyefariki uliosafishwa, kuna wa ng'ombe, na kuna wa kutengenezwa kiwandani. Wa kwako ndo una seli hai, shida yake ni kwamba lazima ukatwe sehemu nyingine. Nyonga wanachukua kwa watu waliopoteza kipande kikubwa cha taya, mfano waliotolewa uvimbe, na hapo ni nusu kaputi na kuchechemea kwa muda. Kidevu kina mfupa mzuri ila watu wengine wanabaki na ganzi kwenye meno ya mbele ya chini. Mimi akapendekeza nyuma ya taya la chini, pale pembeni ya gego la mwisho, kwa jino moja panatosha kabisa. Nikakubali.

Siku yenyewe ni sindano za ganzi tu, uko macho unasikia kila kitu. Hawakutumia msumeno kama nilivyokuwa naogopa, ni kile kimashine cha piezo kinachokata kwa mtetemo, kinakata mfupa ila nyama laini hakiiumizi sana, kinalia sauti nyembamba halafu maji yanamwagika mdomoni mfululizo nesi anafyonza. Nikaomba nione kipande, akanionyesha kwenye kibakuli cha chuma, kama ukucha wa kidole gumba hivi, cheupe kina wekundu kidogo pembeni. Akakibana kwa skrubu mbili ndogo pale mbele, mapengo akajazia chenga za mfupa wa ng'ombe, juu akafunika na utando ndo akashona.

Na hapo kwenye utando ndo nyota yangu ilipoondoka. Kabla ya siku ya upasuaji nilimuuliza msaidizi huo utando ni wa nini akanijibu "ni kolajeni tu dada, usijali". Mimi ni Muislamu, na kolajeni ni protini inayotoka kwa wanyama, kolajeni tu sio jibu. Nikaomba boksi, nikasoma, ni ya nguruwe! Wengi hawajui hili: chenga za mfupa za Bio-Oss za kampuni ya Geistlich ya Uswisi ni ng'ombe, lakini utando wao wa Bio-Gide unaowekwa pamoja nazo ni kolajeni ya nguruwe, hawafichi wameandika wenyewe. Kuna mashekhe wanaoruhusu kwa hoja kwamba kitu kimeshabadilika au kwa dharura, kuna wasioruhusu, hilo muulize wa kwako, ila mgonjwa aambiwe kabla hajalala kwenye kiti, sio mpaka adai boksi. Daktari mwenyewe alivyosikia hakubisha, akaagiza wa ng'ombe, tukasogeza tarehe. Akaongezea na ule wa damu yangu, wanakutoa damu mkononi wanaizungusha kwenye mashine inabaki kitu cha njano kinachoteleza, wanakibana kinakuwa utando.

Baada ya hapo jamani kidonda cha kule nyuma kiliniuma kuliko cha mbele. Uvimbe ulizidi siku ya pili na ya tatu, shavu likashuka na rangi ya manjano mpaka shingoni, mdomo haufunguki vizuri, ni uji na mtori na supu, ila kwa mrija hapana, wanakataza kwasababu unavuta kidonda. Mdomo wa chini ulikuwa na ganzi wiki kadhaa, nikaogopa sana mana mshipa wa fahamu unapita karibu na pale walipokata, ila ikarudi yenyewe. Lingine, lile jino la kuvaa ukalisahau kwanza maana linakandamiza grafti, hivo kazini nilishinda na barakoa wenzangu wakajua nina mafua yasiyoisha.

Miezi kama mitano wakafungua tena, wakatoa zile skrubu ndogo, wakatoboa kwa ajili ya implanti. Mfupa ukatoka damu na daktari akafurahi, mimi nashangaa anafurahia nini, akasema mfupa unaotoa damu ni mfupa ulio hai. Implanti ikakaza vizuri, nikasubiri miezi mingine ishikane, ndo nikawekewa jino. Sasa hivi natafuna muhogo wa kuchoma bila wasiwasi.

Kwa mnaovuta sigara, semeni ukweli mapema, grafti na sigara haviendani na wengine wanakataa kukufanyia mpaka uache. Kwenye bei sitaji kiasi kwasababu vifaa vinatoka nje na dola haitulii, ila bima yangu ilikataa yote wakasema ni urembo. Mwambie daktari akuandikie karatasi moja yenye kila kitu, picha, mfupa, utando, kutoa skrubu, implanti na jino lenyewe linalokaa juu yake, mana mimi ile ya kutoa skrubu niliiona kwenye risiti.