Siber ya ngazini, Kadutu: nyota nne

Jioni tatu nimekaa hapa nikirekebisha programu-jalizi ya duka la mtandaoni. Ilikuwa inaandika bei za faranga na tarakimu mbili za senti mwishoni. Hapa Bukavu nani amewahi kukudai senti? Saa moja ni faranga 1,500. Intaneti yao nzito. Nilipopakua hazina yote ya msimbo ilikwama, hadi nilipoiambia Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kwa chaguo la --depth 1, inipe toleo la mwisho tu bila historia. Dakika nne, imefika. Umeme ulipokatika, papa mwenye siber aliwasha jenereta kabla sijaguna, wala muda ule hakunihesabia. Kiti cha karibu na mlango kimevunjika mguu, kikwepe. Msimbo wangu? Niliutuma, na msimamizi wa mradi wa programu-jalizi hiyo alijibu usiku: ongeza kwanza jaribio moja la kuupima. Kesho narudi.