Coke Studio ya Pakistani: Nyimbo za Kiasili za Punjab Katika Studio ya Kisasa

Kipindi cha muziki cha Coke Studio kilipoanza nchini Pakistani mwaka 2008, chini ya mtayarishaji Rohail Hyatt, aliyewahi kupiga kinanda katika bendi ya Vital Signs, wengi wangeweza kukidhania kuwa tangazo tu la soda. Baada ya kusikiliza tena msimu wa tatu, wa mwaka 2010, naona ndio wenye uzito kuliko yote. Humo Arif Lohar, mwana wa mwimbaji Alam Lohar, anaimba jugni, yaani aina ya wimbo wa kiasili wa Kipunjabi, pamoja na mwimbaji Meesha Shafi, huku akigonganisha chimta, yaani koleo refu la chuma lenye vishaba vinavyolia kama njuga. Gitaa la besi na ngoma za kisasa zinamfuata yeye, wala si yeye anayezifuata, na hapo ndipo siri ya ufanisi ilipo.

Mwimbaji Abida Parveen naye, katika msimu huohuo, anaimba mashairi ya Kisufi kwa sauti ambayo haihitaji mapambo yoyote, na kwa kweli ningependa wapangaji wa muziki wangempunguzia vinanda. Udhaifu huo hujirudia: ala zikizidi, sauti ya kijijini hugeuka kiungo cha kuongeza ladha tu.

Ubora wa sauti ni wa hali ya juu, na nyimbo zinapatikana YouTube bila malipo. Asiyejua Kipunjabi aanze na jugni hiyo, akiwa na vipokea sauti vizuri masikioni.